Dirisha Nyuma ya Kabati

Mgeni alipopiga hodi, Kunigunda alikuwa juu ya stuli katika chumba cha magharibi, akihangaika kupenyeza beseni jipya kati ya mabeseni yaliyokwisha kupangwa hadi darini. Beseni lilikataa. Alilisukuma kwa kiganja, likarudi. Alilisukuma kwa bega, na rundo zima likainamia mlangoni taratibu, kama watu walioambiwa wasogee na hawana pa kusogea. Hodi ya pili ilimkuta bado ameliegemea rundo kwa mgongo. Akaitikia karibu akiwa humo humo, kwa sababu angebanduka tu, vyote vingemfuata.

Alipofanikiwa kutoka, akijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, alimkuta barazani binti ambaye hajapata kumwona. Alivaa hijabu ya kijivu na raba zilizotapakaa udongo mwekundu, na mgongoni alikuwa na begi moja, la ukubwa wa yale ambayo wanafunzi hubebea madaftari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Jua la huku linadanganya, lina baridi ndani yake."

Binti alieleza habari zake akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Aliitwa Hasna, kwao Mbamba Bay, na alikuwa mkunga mpya wa zahanati ya kijiji. Alikuwa amepanda basi dogo kutoka ziwani mpaka Mbinga, na kutoka Mbinga akaletwa Ukata kwa pikipiki. Nyumba ya mtumishi aliyoahidiwa aliikuta haina paa. Upepo wa masika uliling'oa, na mabati mapya yalikuwa hayajafika. Mtendaji wa kijiji alimwomba radhi kwa haya kubwa, akamshauri atafute chumba kwa watu. Usiku uliopita alilala zahanati, juu ya kitanda cha wagonjwa, na tangu asubuhi alikuwa anabisha hodi nyumba hadi nyumba. Kama Jumapili ingepita hajapata pa kukaa, angerudi mjini akapangiwe kituo kingine.

Kunigunda alimmiminia chai katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni.

"Na mizigo yako umeiacha wapi?"

"Mizigo ndiyo hii, Mama," Hasna akaligusa begi kwa kiwiko.

Kunigunda alilitazama begi lile kwa muda. Alilipekua kwa mawazo: sufuria iko wapi, ndoo iko wapi, shuka la pili liko wapi. Hakuona pa kuviweka. Na bado binti mwenyewe alikuwa amekaa pale, nguo zake safi, meno yake meupe, anakunywa chai bila wasiwasi wowote.

Nyumba nyingine zote zilikuwa zimemjibu kwamba hazina nafasi, na Kunigunda naye angeweza kusema hivyo hivyo bila kuonekana mbaya. Ila alikuwa na Luisa. Luisa alikuwa mke wa mwanawe Florian, walikaa ng'ambo ya kijito, na ujauzito wake ulikuwa katika mwezi wa mwisho. Mtoto wa kwanza alimzalia njiani, pikipiki imekwama kwenye utelezi wa kuelekea Mbinga, mvua inapiga, na Kunigunda ndiye aliyeshika mwavuli huku akimwita Mama Maria kwa jina na kwa sifa zake zote. Luisa alipona na mtoto alipona, lakini tangu siku ile Kunigunda hakuipenda mvua tena. Na mkunga wa kabla ya huyu aliondoka kwa sababu hii hii, ya kukosa pa kulala.

"Chumba kipo," akasema.

Haukuwa uongo. Aliinuka, akausukuma mlango wa chumba cha magharibi kwa tahadhari, ukafunguka kiasi cha kupitisha kichwa. Hasna alichungulia. Aliona masufuria yamevikana kama kofia, hotpoti ndani ya maboksi yake, chupa za chai zenye maua, ndoo zenye vifuniko, mazulia yaliyokunjwa, viti vya plastiki vimepakatana mpaka juu, na nyuma ya vyote kabati refu lililomaliza ukuta mzima, nalo limejaa sahani. Vingi bado vilikuwa na nailoni zake.

"Duka lenu mnafungua saa ngapi, Mama?" akauliza kwa adabu.

Kunigunda aliyatazama masufuria, akamtazama binti. Halafu kicheko kikamtoka kutoka tumboni, na Hasna, aliyekuwa ameuliza kwa nia njema kabisa, akacheka kwa sababu mwenzake anacheka.

Walipotulia, Hasna akasema kwamba alipokuwa anazunguka nyumba kutafuta mlango aliona dirisha la mbao upande huu. Alitaka kujua liko wapi kwa ndani. Kunigunda akamwonyesha kwa kidevu: nyuma ya kabati. Binti akatikisa kichwa polepole. Alisema hataki kuwa mgeni wa masharti, hata kona ya chumba ingemtosha. Jambo moja tu lilimpa taabu. Alikulia karibu na maji, katika nyumba ambayo milango na madirisha vilikuwa wazi mchana kutwa, na chumba kisichoona nje kilimbana kifua.

"Njoo Jumapili baada ya misa," Kunigunda akasema. "Utakuta chumba, na dirisha lake."

Neno lilishatoka ndipo akageuka kulitazama kabati.

*

Vitu vile havikuwa vya ubadhirifu, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Wanawake wa kitongoji walikuwa na kikundi chao cha vyombo. Kila mwezi ilikuwa zamu ya mmoja: wenzake humjia kwa nyimbo, vyombo vichwani vimefungwa kwa utepe, wakamtunza, wakacheza, wakala, wakarudi makwao. Mwezi unaofuata naye hubeba vyake kumpelekea mwingine. Hivyo kila mmoja alitoa kama alivyopokea, na nyumba zote zilizidi kujaa.

Na vyombo hivyo havikupikiwa. Vilikuwa vya wageni. Lakini kila mgeni aliyekuja, Kunigunda alimpima kwa jicho na kumwona hajafikia kiasi cha kufunguliwa nailoni. Hata padri alipopita kubariki nyumba alinywea kikombe cha bati, kwa kuwa alikuja ghafla. Miaka ilikwenda, mgeni mwenyewe hasa hakutokea, na kazi ya Kunigunda ikawa kuwafutia vumbi watu wasiokuja.

Kabati alilitengeneza marehemu mumewe, Isidori, mwaka ambao kahawa ilizaa mpaka matawi yakainama. Alinunua mbao za mninga, ndefu, na kwa urefu wake aliona heri aliunganishie humo humo chumbani. Alipolisimamisha lilifunika ukuta na dirisha pamoja. Isidori alikuwa na mazoea ya kuegemea dirisha lile asubuhi, kwa sababu nyumba yao ipo mgongoni mwa mlima, na anga likiwa safi ziwa huonekana chini kabisa, mstari mwembamba unaong'aa.

"Na dirisha?" aliuliza.

"Dirisha linabeba sahani?" Kunigunda alimjibu, na wakacheka wote wawili.

Baadaye Isidori alifariki. Katika kazi zote za mikono yake, kabati ndilo lililokuwa kubwa kuliko zote, na mlangoni halikuweza kupita.

*

Jumanne Florian alipotoka shambani, jembe begani na miguu imetapakaa tope la ngolo, mashimo ya kilimo cha mlimani, alimkuta mama yake anatoa masufuria uani kwa mikono miwili.

"Unahama, Mama?"

"Nimechoka kuwa mlinzi wa masufuria."

Florian alidhani ni utani, akaweka jembe chini ili autazame vizuri. Mama yake akamweleza habari za mkunga. Florian alifurahi, kwa ajili ya Luisa, kisha akachungulia chumbani na furaha ikapungua. Akauliza habari ya kabati. Kunigunda akasema hilo lina siku yake, kwa sasa ashike ncha ile ya zulia.

Njia aliyoichagua ilikuwa nyepesi kuliko zote: kugawa. Jumanne ile na Jumatano alipita njia za miguu za kuzunguka mlima, vyombo kichwani, akamwachia huyu hotpoti, yule ndoo, huyu seti ya glasi. Hakutaka asante ndefu. Alisema tu, "Nimekuletea, kitumie," akageuka. Na kila aliporudi nyumbani akiwa na ngata tupu mkononi, alihisi mwili umekuwa mwepesi kuliko wakati wa kwenda, zaidi ya uzito wa chombo chenyewe. Jumatano jioni alikuwa na njia nyembamba ya kutembea katikati ya chumba. Aliipita kwenda na kurudi mara kadhaa bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Alichosahau ni kitu ambacho hata mtoto wa kwao anakijua. Katika milima ile, ukiletewa maharage kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Unatia hata mayai, hata chumvi. Sasa chombo chenyewe kikiwa ndiyo zawadi, na siyo zamu yako, wala hapana ubatizo wala arusi, mtu atapata wapi usingizi? Alhamisi asubuhi Beata, jirani wa upande wa juu, alikuja na mkungu wa ndizi na sufuria mpya, kubwa kuliko aliyopewa. Macho yake yalikuwa mekundu, akamshika Kunigunda mkono, akaondoka. Baada yake akaja mwingine na kiti. Akaja mwingine na kuku wawili na beseni. Waliokuta mlango umefungwa waliacha vitu barazani. Ijumaa mchana ile njia nyembamba ya katikati ilikuwa imezibika, na kuku walikuwa wanatembea juu ya mazulia.

Wa mwisho alikuwa Eunice, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hajapata kumwonea mtu haya. Alikuja na jogoo kwapani.

"Mama Florian, niambie ukweli. Daktari amekwambia nini?"

"Daktari gani?"

"Beata analia tangu juzi, anasema umeanza kugawa urithi. Wengine wanasema umeokoka, Jumapili utahubiri pale senta na kipaza sauti."

"Nataka chumba, Eunice. Chumba tu."

Kunigunda akamsimulia yote. Eunice alicheka mpaka jogoo akapiga mabawa, kisha akachungulia chumbani na kucheka upya. Akauliza kama hicho ndicho chumba kilichotolewa vitu, maana angependa kukiona kilichojazwa. Halafu akamnyooshea jogoo.

"Shika."

"Simtaki."

"Hata mimi sikuitaka hotpoti. Umeniletea bila zamu, bila sherehe. Ulitaka nikikutana nawe kisimani nipite njia ya migombani? Shika jogoo wako, mwenzangu, nikalale."

Kunigunda akashika jogoo. Walikaa barazani pamoja, jogoo katikati, na Eunice, ambaye hakuweza kukaa kimya, akaanza kulalamikia msiba wa wiki iliyopita. Alisema sahani zake za kuazimisha zimerudi pungufu tena. Kunigunda aliijua adha hiyo. Kila msiba ukiisha wanawake hukaa uani na kufunua sahani moja moja, wakitafuta chini yake alama za rangi ya kucha: nyekundu ya Beata, ya zambarau ya Eunice, na yake yeye, nukta mbili nyeupe. Mfiwa bado analia ndani, na nje watu wananuniana kwa ajili ya kikombe.

"Sahani isiyo na alama hurudi kwa nani?" Kunigunda aliuliza.

"Hairudi kwa mtu. Kila mmoja anaogopa kuichukua."

"Na asiyejua ni ya nani hawezi kumlipa mwenyewe."

Eunice alimgeukia. Kunigunda akamwona anafika pale pale alipofika yeye.

*

Jumamosi sala ya jumuiya ilihamia uani kwa Kunigunda. Aliomba mwenyewe, na viongozi wakamkubalia, baadhi wakija mapema kuhakikisha kama kweli yu mzima. Kuku wote waliorudishwa, pamoja na jogoo wa Eunice, walichinjwa na Ausi, Mwislamu mwenye duka la pale senta, aliyeitwa makusudi ili na Hasna naye apate kula. Ndizi zilimenywa. Na Kunigunda alichukua kisu cha jikoni, akakaa mbele ya rundo, akaanza kukata nailoni.

Wanawake waliacha kumenya wakamtazama. Sauti ile ya nailoni kupasuka ilikuwa kama mtu anayechana nguo nzuri. Masufuria yalitoka yanametameta, yakapanda juu ya mafiga, na moto ukayapaka masizi ndani ya dakika chache. Kunigunda aliyaangalia yanavyokuwa meusi na hakusikia uchungu aliodhani atausikia. Yalianza kufanana na masufuria.

Baada ya sala alisimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema vyombo wanavyolia chakula leo, na vyote walivyoviona pale uani, havikuwa vyake tena wala vya mtu yeyote. Vitakaa katika stoo ya kigango, kanisa lao dogo la kijiji, kwa msiba na kwa arusi, kwa mwenye nacho na asiye nacho. Visitiwe alama. Na kwa kuwa havina mwenyewe, asitokee mtu na jogoo.

Watu walicheka, Eunice kuliko wote. Beata alikuwa ameshatoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba, kwa mazoea ya mikono tu, akakitazama, akakirudisha. Muda si mrefu mama mmoja akasema hata yeye anazo ndoo ambazo hajazifungua. Mwingine akataja mazulia. Kunigunda hakuwasikiliza sana. Alikuwa amebakiza kitu kimoja, sufuria ndogo ambayo haijawahi kupikiwa chochote, kwa ajili ya Hasna, maana sufuria zake mwenyewe Kunigunda zilikuwa na historia ndefu na nyama ya nguruwe.

Hasna alikula, akaosha vyombo pamoja na wengine, kisha Kunigunda akamwita aone. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kulikuwa na kitanda na godoro, meza ndogo, na kabati lililobaki wazi, rafu zake tupu, linanukia mbao. Hasna alipitisha mkono juu ya ubao wake. Alitaka kujua nani alilitengeneza, na alipoambiwa, aliuondoa mkono kwa heshima kama mtu aliyegusa kitu cha ibada.

"Mama, hili liache," akasema. "Nitazoea. Nitawasha taa."

Akamsimulia kwamba mwaka ambao maji ya ziwa yalipanda mpaka uani kwa bibi yake, Adija, walihamisha vitu kutwa nzima, watu wazima wanagombana majini kwa ajili ya makochi, na baadaye vilivyotumika vilikuwa godoro na sufuria. Tangu hapo yeye hanunui kitu ambacho hawezi kukibeba mwenyewe. Lakini kabati hili, alisema, siyo makochi. Hili ni mtu.

Alipoondoka, Florian alishusha pumzi. Tangu Jumanne alikuwa akiiogopa saa hii.

"Umesikia, Mama. Mwenyewe ameridhika."

Kunigunda alikaa kitandani. Ilikuwa njia ya kutokea, pana, na aliyeifungua ni yule yule aliyeahidiwa. Hakuna ambaye angemsema. Chumba kimepatikana, mkunga atakaa, Luisa hatazalia njiani. Alilitazama kabati kutoka juu hadi chini. Kisha akayatazama macho ya mwanawe, ambayo yalikuwa ya Isidori.

"Sikumwahidi kuridhika," akasema. "Nilimwahidi dirisha. Kalete nyundo."

Matumaini yao yalikuwa kulifungua vizuri na kuliunganisha upya kigangoni, libebe vyombo vile vile. Misumari ya juu ilitoka kwa utii. Rafu zikashuka moja moja. Lakini sehemu ya katikati Isidori alikuwa ameishika kwa gundi na vigingi vya mbao, kazi ya mtu ambaye hakufikiria kwamba itakuja kufunguliwa. Florian aliibembeleza kwa patasi mpaka jasho likamtoka. Ubao ulilia, kisha ukapasuka kutoka juu mpaka chini kwa mlio uliowafanya wote wawili warudi nyuma.

Nyuma ya ubao, mahali ambapo hapajaonwa na mtu tangu siku ile, kulikuwa na mistari ya penseli, mshale, na neno moja kwa mwandiko wa Isidori uliolala upande: *juu*.

Florian aliishusha nyundo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba wanaweza kuishia hapo, nusu ya dirisha inaonekana. Mama yake aliweka kidole juu ya neno lile, akalifuata herufi kwa herufi.

"Endelea, mwanangu."

Florian akaendelea, na kila ubao ulipotoka mwanga wa pembeni uliongezeka, hadi ukuta ukawa mtupu. Rangi yake pale ilikuwa bado mpya, ya buluu, kama nyumba ilivyokuwa wakati wa ujana wao. Dirisha lilikuwa limejaa utando wa buibui na vijumba vya udongo vya nyigu. Komeo lilishikwa na kutu. Kunigunda mwenyewe alilipiga nyundo, likaachia, akasukuma mbao mbili kwa nguvu zake zote.

Nje kulikuwa na ukungu tu. Ulikuwa umejaza bonde lote, mweupe, umefika mpaka kwenye mibuni ya chini ya nyumba. Hapakuwa na ziwa wala mstari wa ziwa.

"Lipo," Florian akasema. "Ukungu umelifunika tu."

Kunigunda alikaa juu ya mbao, akalia kidogo, kilio cha kawaida cha mtu aliyechoka na aliyempenda mumewe. Kisha akaomba ufagio.

*

Mbao nzima Florian alizipeleka kigangoni kutengenezea rafu za stoo. Ule uliopasuka haukufaa kwa lolote, na Kunigunda aliupeleka jikoni yeye mwenyewe. Jumapili baada ya misa aliukata vipande akawashia moto. Mninga uliokauka miaka mingi ndani ya nyumba huwaka bila moshi, na chai iliwiva upesi. Kipande chenye neno la penseli nacho alikitia, baada ya kukishika kwa muda.

Hasna alikuja na begi lake lile lile, na kifurushi cha usipa, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, ambao baba yake, Ilyasi, aliwatuma kwa mtu wa basi. Alisimama mlangoni mwa chumba, akaona pale palipokuwa na kabati. Alitazama ukuta wa buluu, akatazama dirisha lililo wazi, akamtazama Kunigunda.

"Mama, nilikwambia uache."

"Ulisema. Na mimi nilisema kabla yako."

Akamwachia chumba. Hakutaka kusimama pale asubiri shukrani, na tena chai ilikuwa inachemka. Alipokuwa jikoni alimsikia Luisa akifika kutoka ng'ambo, anahema kwa kupanda, anaulizia nesi yuko wapi. Alisikia mlango unafunguliwa, kitanda kinalia kwa uzito wa mtu anayelala chali, kimya cha mikono inayopima, na sauti ya Hasna ikisema mtoto ameshageuka vizuri, kichwa kipo chini, asiwe na hofu. Luisa alicheka, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi kwa wiki nyingi.

Kunigunda aliweka vikombe kwenye sinia. Vilikuwa vitatu, vyote vya bati, kimoja kimebanduka rangi ukingoni. Vile vipya vilikuwa kigangoni, na hata nani alimletea kipi alikuwa ameshasahau. Alipita sebuleni palipokuwa na nafasi ya kupita, akafika mbele ya chumba cha magharibi. Mkono wake ulienda kwenye kitasa kama ulivyozoea kwa miaka yote, kusukuma na kuingia. Akauzuia. Akalishika sinia kwa mikono miwili, akasimama wima mbele ya mlango wa nyumba yake.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mama," Hasna akaitikia kutoka ndani.